Ulikaa Upande wa Wageni

Msalato, Dodoma
Jumapili mchana, baada ya ibada

Kwako Baba mpendwa,

Shikamoo Baba. Ni matumaini yangu barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama na wote wanaolala chini ya paa lako. Mguu wa Mama unaendeleaje? Aliniambia ulianza kumsumbua tena mvua zilipoanza. Na mvua zenyewe huko Kibakwe zimeshikaje? Huku kwetu zinashuka kwa fujo siku moja, halafu jua linakaa wiki nzima, na mahindi ya watu yameanza kukunja majani. Je, Kisiki na Ukuta wanavuta plau vizuri mwaka huu, au Ukuta bado ana ule ujeuri wake wa kulala katikati ya shamba? Sisi huku wazima. Mkweo Neema anakusalimu sana. Mjukuu wako ameanza kuota meno na anang'ata kila kinachomsogelea.

Utashangaa kupata barua wakati simu ninayo na wewe unayo. Tena ulinipigia Jumanne tukaongea vizuri kuliko siku yoyote ninayoikumbuka. Nitaifikia hiyo simu. Lakini kwa simu, Baba, mimi nikianza tu kutoa la moyoni, wewe husema "haya, ongea na mama yako," na simu inahama mkono. Karatasi haihami. Nimeona niandike, nimpe konda wa basi la Mpwapwa aifikishe, na wewe uisome mwenyewe mpaka mwisho. Kusoma unajua sana, maana ndiye unayewasomea tawi zima magazeti ya michezo. Naomba tu usiisomee hapo kwenye tawi. Isomee nyumbani.

Sijawahi kukuvunjia heshima na sitaanza leo. Ila nina uchungu, Baba, na uchungu ukiuweka sana ndani unachacha.

Acha nikuambie unavyoonekana ukitazamwa na mtu aliye mbali. Wewe ni mwenyekiti wa tawi la Kimbunga hapo Kibakwe. Timu ya Dar es Salaam, timu ambayo uwanja wake hujawahi kuukanyaga. Bendera yao inapepea pale kwenye mashine ya kusaga ya Mjomba Hezroni kuliko bendera yoyote nyingine kijijini. Benchi la tawi ulilichonga wewe mwenyewe kwa mbao ulizosema ni za kitanda chetu mimi na Kaka Mika, na sisi tukaendelea kulala chini. Ng'ombe wa plau umewapa majina ya mabeki wa kati wa Kimbunga wa enzi zako. Mwaka ule walipokosa ubingwa siku ya mwisho, uligoma kula mpaka Mama akaenda kumwita mchungaji, na mchungaji naye alipofika mkakuta kumbe ni mwana-Kimbunga, mkaomboleza wawili. Tulicheka sana siku ile, mimi na Mika, tumejificha nyuma ya kihenge. Sikucheki leo. Nataka tu ukumbuke kwamba nyumba niliyokulia ilikuwa nyumba ya mpira.

Lakini mimi nikitoka na mpira wangu wa matambara, ulikuwa na neno moja. "Mpira unaangaliwa. Mwanaume analima." Ulilisema nikiwa mdogo, ukalisema nilipotoa ndevu. Kwa miaka yote hiyo sikuelewa mtu anawezaje kuwapenda watu kumi na mmoja wasiomjua kwa kazi ileile anayomchapia mwanawe.

Kile kiwanja cha shule ya msingi unakijua kilivyolala mteremko. Ukipiga mpira ovyo unaufuata mpaka bondeni kwenye mashamba ya vitunguu, na mwenye vitunguu anakungojea na fimbo. Hapo ndipo nilipojifunza kukimbia kupanda. Watu wa mjini wananiuliza mapafu haya niliyapata wapi, nawaambia niliyapata kwa kufuata mipira ya wenzangu. Ukumbuke ile ndondo ya kugombea mbuzi, tulipoifunga timu ya kule bondeni na mimi nikachaguliwa mchezaji bora, wenzangu wakakubali mbuzi aje kwetu. Nilimleta nyumbani begani, nikitembea katikati ya njia ili watu wanione. Tulimchinja, ukala, ukafuta mdomo, ukasema, "Mbuzi mwenyewe mkavu." Mama akaniongeza mlenda, kwa sababu aliona uso wangu.

Nikaondoka kwenda Mtera. Uliwaambia watu nimekwenda kufanya kazi ya samaki, na kweli niliifanya, lakini nilikwenda kwa ajili ya timu. Timu ilikuwa daraja la tatu. Asubuhi tunabeba matenga kutoka mitumbwini, jioni tunafanya mazoezi kando ya bwawa na nguo zilezile, na nzi wanatufuata mpaka tunapopiga kona. Wenzangu waliniita Perege. Nilikuwa mshambuliaji mpaka siku beki wetu wa kushoto alipougua malaria, kocha akanisukuma nyuma na kusema, "Wewe huna mguu wa goli, ila una roho mbaya." Alikuwa ananisifu. Tangu hapo sijaondoka kushoto.

Baada ya Mtera nikaenda daraja la pili, nikavunjika kidole cha mguu, nikarudi nyumbani kulima nanyi msimu mmoja. Nadhani huo ndio msimu ambao wewe ulinifurahia. Kidole kilipopona nikaja huku Dodoma. Timu yangu hii, Nyika, ilikuwa daraja la kwanza na haikunipa hata kitanda. Nilipanga chumba hapa Msalato, nikapata kibarua cha saidia fundi kwenye ujenzi wa nyumba za watu wanaokimbilia huku kwa ajili ya uwanja wa ndege mpya. Nachanganya zege mpaka mchana, napanda baiskeli mpaka mjini, nafanya mazoezi na vijana waliolala mchana kutwa. Hapo ndipo Neema aliponikuta, nimejaa saruji mpaka kwenye kope. Yeye alikuwa anauza chakula pale kwenye ujenzi. Anasema alinipenda kwa sababu nilikuwa naomba ukoko. Nilikaa benchi, nikaingia kama akiba, nikatoka, nikaingia tena, mpaka kocha alipoacha kunitoa. Sikupewa kitu na mtu, Baba. Kila hatua niliipanda kwa kichwa na meno.

Basi, siku tulipopanda daraja kuingia Ligi Kuu, wenzangu waliwapigia wachumba wao. Mimi nilikupigia wewe. Uwanja ulikuwa umejaa watu, wananimwagia maji, nimeziba sikio moja ili nikusikie. Nikakwambia, "Baba, tumepanda! Mwanao anacheza Ligi Kuu!" Ukasema kwa furaha kabisa, "Safi sana. Basi sasa Kimbunga watakuja Dodoma."

Niliipokea furaha ile, nikajiambia ni yangu. Mwenye njaa hachagui.

Sasa nakuja kwenye siku yenyewe, mechi ile kabla mvua hazijaanza. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiifikiria kuliko ninavyofikiria mshahara. Nilimwomba meneja wetu tiketi za jukwaa kuu, upande wetu wa Nyika, yako na ya Mama, mkae kivulini, mkae vitini, kama wazazi wa mchezaji. Nilimtuma mtunza vifaa wetu awapokee getini. Nilijua mnakuja na fuso la tawi, na nilijua utavaa jezi ya Kimbunga. Hilo halikunisumbua. Kila mtu nchi hii ana timu ya Dar aliyoirithi, hata wachezaji wenzangu wapo waliokuwa wanawaombea wapinzani wetu kimoyomoyo. Nilichotaka ni kwamba kwa mechi moja, jezi yoyote utakayovaa, ukae kwangu.

Tulipotoka kupiga jaramba, kupasha misuli, nikatazama jukwaani. Mama nilimwona mara moja. Alikuwa amevaa kile kitenge cha harusi ya Mika, ameketi wima, na kwenye kiti cha pili ameweka kikapu. Baadaye mtunza vifaa aliniambia kila aliyetaka kukaa pale Mama alimwambia, "Mwenyewe anakuja, amekwenda kusalimia." Nilidhani umekwenda msalani. Mechi ilianza, nikatazama tena, kikapu kipo. Kona ya kwanza, kikapu kipo. Nikainua macho upande wa pili, kule jukwaa la mzunguko la wageni, nikaona kitambaa kimeandikwa TAWI LA KIBAKWE, na ngoma ya tawi, na wewe katikati umesimama juu ya kitu, sijui debe, unawaongoza wenzako kuimba. Ulikuwa umevaa kofia yako ya kanisani.

Sikukosea hata pasi moja kipindi kile cha kwanza. Hasira nayo ni kocha.

Winga wao unamjua kuliko mimi, mmekuwa mkimwimba tangu msimu uliopita. Kipindi cha kwanza alikuja upande wangu kila walipopata mpira, na kila alipokuja alirudi bila kitu. Kipindi cha pili tukabadilishana magoli, na upande wangu ukawa mbele yenu kabisa. Nikirusha mpira nawaona meno. Watu wa kwetu, Baba. Mzee Sudi katibu wako, aliyenifundisha kuendesha baiskeli, ananiambia nikavunjike. Vijana niliocheza nao ndondo wananitukana kwa Kigogo ili wenzetu wa Dar wasielewe, nikaelewa peke yangu kati ya wachezaji wote. Nilitabasamu, maana huo ni utani na mimi utani naujua.

Halafu ikaja ile krosi. Kipa wetu alitoka akaukosa, mpira ukamfikia winga wao, akaupiga kwa nguvu zake zote, na golini hapakuwa na mtu ila mimi. Mikono siwezi, mguu hautafika. Nikauweka uso. Nakumbuka harufu ya ngozi ya mpira, halafu nyasi. Nilikuwa nimelala karibu na mstari, damu inatoka puani inaingia mdomoni, sioni kwa jicho moja. Daktari wetu anakuja mbio. Mzunguko mzima unapiga kelele kwamba napoteza muda.

Katika kelele zile nikaisikia sauti moja. Baba, sauti yako mimi siwezi kuikosea. Ndiyo iliyokuwa ikiwaswaga Kisiki na Ukuta kutoka juu ya kilima na sisi tukaisikia tukiwa mtoni. Ulisema, "Mwamuzi! Mpe kadi huyo, anajilaza!"

Ukasema tena, "Anajilaza! Inuka, acha uongo!"

Nikainuka. Daktari alitaka nitoke, nikakataa. Nikatazama ng'ambo, Mama alikuwa amesimama, mikono kichwani, watu wa jukwaa kuu wanamshika asishuke uwanjani. Mwanamke yule hajui kona ni nini. Hakujua kama tumefunga au tumefungwa. Aliona tu mtoto wake anatoka damu.

Mechi iliisha bila bao. Kwetu sisi ilikuwa kama tumeshinda kombe, wenzangu walinibeba. Nilishuka mabegani mwao, nikachukua barafu kwenye mfuko wa nailoni nikajibandika usoni, nikatoka nje ya geti kuwatafuta kabla fuso halijaondoka. Nilikukuta unakunja kitambaa cha tawi. Nikasema, "Shikamoo Baba." Ukaniangalia uso huu uliovimba mpaka jicho limefunga. Ukasema, "Marahaba. Mmetunyima pointi mbili."

Basi. Sijui kama unakumbuka. Dereva akapiga honi, ukapanda. Mama akanishika mkono, naye akapanda, akanisindikiza kwa macho mpaka fuso lilipokata kona.

Ningekuwa mtu mzuri zaidi ningesahau siku ile. Wenzangu walipoona uso wangu walidhani ninaumwa na pua. Niliporudi nyumbani Neema akaniuliza Baba amesemaje, nikamwambia amefurahi. Uongo huo ulikaa hapa ndani ya nyumba mpaka leo nilipomwambia ukweli.

Mama alinisimulia baadaye, bila kujua ananichoma. Anasema njiani kwenye fuso watu walikuwa wakimlaani beki wa kushoto wa Nyika, Mzee Sudi akatania, "Jamani, kwani huyo ni mtoto wa nani?" Wote wakacheka, na wewe ukajibu, "Uwanjani hakuna mtoto." Mama alisimulia akicheka, akaona ni jibu zuri. Pengine ni zuri. Watu wa mpira wengi wangelisifu. Mimi nililala nalo muda mrefu.

Tangu siku ile hadi juzi Jumanne hukunipigia. Krismasi nilipiga mimi, ukasema mvua zimechelewa, ongea na mama yako. Na kila wiki nilicheza, Baba. Wakati mwingine walitutangaza redioni, na najua redio yako haizimwi. Hukuwahi kusema umelisikia jina lako, maana jina linalotangazwa ni lako, mimi ni Yaredi tu, Ndahani ni wewe.

Sasa Jumanne. Asubuhi redio zilianza kusema Kimbunga wanamtaka beki wa kushoto wa Nyika kabla dirisha dogo la usajili halijafungwa. Mchana simu ikaita, naona ni wewe. Nilidhani Mama amezidiwa. Nikapokea, nikasikia, "Mwanangu! Hujambo baba? U hali gani? Uso ulipona?"

Uso ulipona. Nilijikuta napapasa shavu, nikatafuta mahali panapouma ili nikujibu. Uso ulipona zamani, Baba. Ulipona ukiwa kimya. Nikajibu, "Umepona." Ukasema, "Nilikuwa na wasiwasi sana na lile jicho." Ukasema siku zote ulijua. Ukasema hata ile ndondo ya mbuzi uliona kitu. Ukaniita "beki wangu." Na mimi, mtu mzima mwenye mke na mtoto, nikakaa chini kwenye kizingiti cha mlango, nikaanza kulia kwa furaha, nasema moyoni, kumbe alikuwa ananiona.

Halafu ukasema, "Wazee wote wa tawi wako hapa, wanakusalimu," na nikasikia makofi. Ulikuwa umeiweka simu sauti ya juu. Ulikuwa hunipigii, ulikuwa unawaonyesha wenzako. Nikasikia Mzee Sudi anasema mwenyekiti sasa apewe kiti chake mwenyewe, asikae tena benchini, na nikakusikia unacheka. Sijawahi kukusikia ukicheka vile. Niliwaombea wote baraka, nikakata simu, nikanawa uso.

Alhamisi walikuja. Viongozi wa Kimbunga ni watu wastaarabu, sina neno baya juu yao. Tulikaa mezani, mimi na meneja wetu na wao. Waliniwekea jezi mbele yangu, imeshaandikwa NDAHANI mgongoni. Nakuambia kweli, Baba, niliifuata kila herufi kwa kidole. Mimi pia nililelewa Kimbunga. Nililala na redio yako ikiimba kikosi chao, nilikijua kabla sijajua Baba Yetu uliye mbinguni. Kila mpira wa matambara nilioupiga niliupiga nikiwa nimevaa jezi ile kichwani mwangu. Na hela yao ingemalizia nyumba niliyoianza, ingemtibu Mama mguu. Nilijua hayo yote nikiwa nimeishika jezi ile.

Nikaikunja, nikawarudishia. Nikasema hapana. Ijumaa nimeweka saini upya na Nyika.

Wamekwenda kumchukua beki mwingine wa Mbeya, ni mzuri, mtampenda. Kocha wetu amenishika bega na kusema mimi ni kijana mwaminifu, ameliambia gazeti hivyo. Nilimwacha aseme. Neema hakunisifu. Aliniuliza, "Wewe unamkomoa nani?" Kisha akabeba mtoto akaenda nje. Hata sasa hajarudi kunisemesha sawasawa. Na nikikuambia najua nimefanya jambo la akili, nitakuwa nakudanganya. Nyika jezi tunafua wenyewe na njumu tunaazimana. Mguu wa Mama nitautibu, lakini nitautibu polepole.

Nilikataa kwa sababu yako, Baba. Nalisema wazi usije ukatafuta maana nyingine. Nimekuangalia tangu utotoni unavyowapenda watu wa Kimbunga. Yule kipa wao wa kale ulimsifu mpaka ukamshawishi jirani amwite mtoto wake jina lake. Alipohama, kesho yake ulisema hakuwahi kudaka, na yule mtoto wa jirani ukaanza kumwita kwa jina la ubini. Unawapenda wakiwa ndani ya jezi. Jezi ikitoka, mtu anatoka nayo. Ningevaa jezi ile ungenipenda, najua, ungenipenda kwa makelele, ungembatiza fahali jina langu. Na siku ningevunjika goti, au wangeniuza, ungeanza kunisimulia kwa wenzako kama mtu mliyewahi kuwa naye. Mimi sikuweza. Ningeweza kuvumilia uniache bila kunipenda, nimeshazoea. Kupendwa halafu kuachwa kwa sababu ya usajili, hilo lingenimaliza.

Kaka Mika atasema nimekuwa mtoto. Ni kweli. Hicho ndicho nilichokuwa nataka kuwa.

Unisamehe kama kuna neno limekuzidi uzito. Mama umsomee yale ya mguu wake na ya mjukuu, haya mengine ukiona vyema. Umsalimie Kaka Mika, umwambie asimwache Ukuta alale shambani, ampeleke kwa maji kwanza ndipo amfunge plau. Msalimie Shangazi Tabitha, mshona sare zetu za shule, mwambie ile suruali aliyonishonea bado ninayo. Msalimie Mjomba Hezroni pale mashineni. Msalimie mchungaji, naomba atukumbuke katika sala mimi na Neema wiki hii. Na Mzee Sudi msalimie pia. Sina kinyongo naye, yeye si baba yangu.

Najua tawi zima linangoja habari, na kwamba aibu ya kuwaambia itakuwa yako. Waambie tu amekataa. Watakucheka siku kadhaa, halafu watamwimba yule wa Mbeya. Kwa hiyo sasa, Baba, mimi siyo mchezaji wa Kimbunga na sitakuwa kamwe. Sina jezi ya kukupa, sina kiti cha kukuongezea kule tawini. Nimebaki kuwa mwanao tu, basi. Kama mwana peke yake anakutosha, nipigie simu.

Ni mimi uliyenizaa,
Yaredi